Mizizi ya Kiebrania katika Nyumba ya Kajificheni

Mnaokalia meza yangu sasa mmenitaka niwaachie maelezo ya kazi. Maelezo ya kazi yamo ndani ya mashine, na mashine haijastaafu. Ninachoweza kuwaachia ni yale ambayo mashine haikuyaona, nayo ni machache kuliko mnavyodhani. Nimeacha kazi kwa hiari, kabla ya umri, kwa sababu kitabu cha mwisho kimekwisha na mimi siwezi kukaa mahali pasipo na la kubishania. Vyeo na mishahara sitavitaja. Havikuwa vya kutajika.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimerudi kutoka bara na shahada ya isimu na Kiarabu, pamoja na tabia ya kumuuliza kila mtu "umejuaje?", hata mpishi wa bwenini. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani Kajificheni, ngazi zake zimesimama kama ukuta. Makanisa kadhaa yalikuwa yamekubaliana kutafsiri upya Agano la Kale, wakataka kuwe na kituo Unguja ili Kiswahili chake kipite kwanza kwenye masikio ya wenyewe. Walihitaji mtu wa mjini, anayejua Kiarabu, asiyejua namna vitabu hivyo vilivyotafsiriwa zamani. Mimi ni Muislamu, ukoo wangu ulitoka Uarabuni vizazi vingi nyuma, na Biblia sikuwahi kuifungua. Sifa zote nilikuwa nazo.

Mama yangu hakufurahi.

"Umesoma miaka yote hiyo ukatafute maneno ya Mayahudi?"

"Nnalipwa, mama."

"Hata mchimba kaburi hulipwa."

Siku ya kwanza nilipokewa na Mwalimu Stefano, ambaye ndiye ofisi yenyewe. Alizaliwa Unguja, wazee wake wakiwa wametoka bara, na alikuwa amefundisha Kiebrania miaka mingi katika chuo kimoja cha wachungaji huko ng'ambo ya maji. Miwani yake ilikuwa mizito hata sikio moja lilikuwa limeinama kidogo kwa uzito wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unaamini nini?"

"Nimeambiwa kazi ni ya lugha."

"Ni ya lugha. Nnauliza nijue nitakuudhi wapi."

"Siamini haraka."

"Vizuri. Kaa pale. Usiguse madebe."

Madebe yalikuwa ya biskuti, yamepangwa rafuni mpaka darini, na ndani yake mlikuwa na kadi. Kila kadi ilikuwa na mzizi mmoja wa Kiebrania na mahali ulipotokea. Kwa wale ambao hawajaanza kazi, mzizi ni hivi: sisi tunasema kitabu, katibu na maktaba, maneno matatu tuliyoyapata kwa Waarabu, na ndani ya yote mna konsonanti zilezile tatu, k, t na b. Kiebrania kimejengwa vivyo hivyo. Waandishi wake wa kale walipenda kuurudia mzizi mmoja ndani ya hadithi, hapa ukiwa kitendo, pale ukiwa jina, hadi msikilizaji aanze kuhisi kwamba anavutwa mahali. Mfasiri akibadilisha neno kila mara kwa kuona aibu ya kujirudia, uzi unakatika. Akiling'ang'ania neno moja, Kiswahili kinakuwa kama mtoto anayejifunza kusema. Kazi yetu nzima ilikuwa kati ya aibu hizo mbili.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nabishana tu. Mwalimu alisema mzizi wa Kiebrania wa kurudi, yaani shin, vav na bet, ni ndugu wa mzizi wa Kiarabu uliotupa sisi "thawabu", na kwamba hata "toba" imo katika ukoo huo kwa njia ya mzunguko. Nikamwambia ukoo wa maneno ni kama ukoo wa watu, kila mtu hudai babu aliye mkubwa. Akanipa kamusi tatu, akanifungia mlango. Nilitoka saa ya chakula nikiwa nimekubali thawabu. Toba niliendelea kuitilia shaka kwa muda, kwa heshima ya nafsi yangu.

Kompyuta ilikuja katikati ya miaka hiyo, ndani ya kasha lililosafiri na meli ya abiria, likiwa limekumbatiwa njia nzima na mtu aliyedhani ni televisheni. Programu ya Biblia ilikuwa kwenye diski nyingi nyembamba, zinaingizwa moja baada ya moja, na ya mwisho ikikataa unaanza upya. Skrini ilikuwa haiwezi kuchora herufi za Kiebrania, kwa hiyo kila herufi ilipewa alama ya kwenye kibodi. Shin iliandikwa kwa alama ya dola. Mama yangu alipokuja siku moja kuniletea chakula, akaona dola zimejaa kwenye skrini, alishuka ngazi akiwa ameridhika kwamba hatimaye nimepata kazi ya maana.

Utafutaji wa kwanza nilioufanya mbele ya Mwalimu ulikuwa wa mzizi huohuo wa kurudi. Niliandika herufi zake tatu, nikabonyeza, tukasubiri. Umeme ulikuwepo. Mashine ikatoa aya chache, kidogo sana.

"Mashine yako imefunga?" akauliza Mwalimu. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani.

Haikuwa imefunga. Iliniletea kile nilichokiomba: mahali ambapo herufi zote tatu zinaonekana. Lakini herufi ya katikati ya mzizi ule ni dhaifu, humezwa katika sura nyingi za kitenzi, na mashine ya namna ile haijui kwamba kilichomezwa bado kipo. Ilibidi tusubiri toleo jingine, ambalo kila neno lilikuwa limeshafungwa kwenye mzizi wake na watu waliokaa mahali fulani wakilifanya hilo kwa mkono. Hilo mliweke akilini. Mnapobonyeza leo, na majibu yakaja kabla hamjaondoa kidole, hamuulizi mashine. Mnamuuliza mtu aliyekaa akaamua, naye anaweza kuwa aliamua akiwa na njaa.

Toleo hilo jipya lilipokuja, liliona aya moja ambayo kadi za Mwalimu hazikuwa nayo. Alinuna mpaka adhuhuri. Kisha akachukua kalamu, akaiandika kwenye kadi, akairudisha kadi debeni.

Sasa niseme juu ya Ruthu, maana ndiyo mliyoniuliza zaidi.

Vitabu vingine Mwalimu alisaidia, alisahihisha, aligomba. Ruthu aliitafsiri mwenyewe tangu neno la kwanza. "Vile nimelea," alisema. "Hiki nimezaa." Ni kitabu kifupi. Mwanamke wa Bethlehemu, Naomi, amehamia nchi ya Moabu kwa sababu ya njaa. Huko mumewe na wanawe wawili wanakufa, naye anabaki na wake wa wanawe, wote wawili wenyeji wa Moabu. Anaamua kurudi kwao. Mmoja wa wale wakwe, Orpa, anamuaga kwa kilio. Wa pili, Ruthu, anakataa kuagana naye, wanakwenda wote. Mzizi wa kurudi umejaa katika sura ya kwanza kama mchanga katika mswala wa ufukweni: rudini, tutarudi, amerudi, usiniambie nirudi.

Mkataba wa Mwalimu ulikuwa unamalizika mwisho wa mwaka ule, na macho yake yalikuwa yameshaanza kumalizika kabla yake. Kama Ruthu isingepitishwa kabla ya hapo, ingepelekwa kwa timu ya bara ianzwe upya, na Kiswahili chake kingeishia debeni. Mwenye kupitisha alikuwa mshauri wetu, Dokta Mathayo, aliyekuja mara mbili kwa mwaka akiwa na mkoba mmoja na kanuni moja: mzizi mmoja, neno moja. Alikuwa mtu mwema. Kanuni ile aliichukua kwa uzito ambao wengine huchukulia dawa za shinikizo la damu.

Nilimpa matokeo ya mashine. Rasimu ya Mwalimu ilikuwa imeufasiri mzizi ule mmoja kwa namna nyingi: kurudi, kurejea, kugeuka, kwenda zake.

"Mwalimu," Dokta akasema, "hapa uzi umekatika."

"Haukukatika. Nimeufunga mafundo."

"Ufungue."

Mwalimu hakubisha. Hilo lilinishangaza, nikamuuliza baadaye. Akasema Dokta ana haki, na kwamba alikuwa ameogopa kuonekana maskini wa maneno. Kwa hiyo tukaweka "rudi" kila mahali, nami kwa mara ya kwanza nikaona mashine inafanya kazi ya siku tatu kwa muda wa kupiga chafya.

Tatizo lilikuwa mwisho wa sura ya kwanza. Pale mwandishi anasema Naomi alirudi, na Ruthu, mwanamke wa Moabu, alikuwa pamoja naye, "aliyerudi kutoka nchi ya Moabu". Ruthu hakuwahi kufika Bethlehemu maishani mwake. Mfasiri mwenye huruma huandika "aliyekuja". Mwalimu aliandika "aliyerudi", kwa kuwa ndivyo ilivyo. Na hapo Dokta, mwenye kanuni yake, ndiye aliyelitilia shaka.

"Mtu harudi asipopajua. Wasomaji watadhani tumekosea."

"Mzizi mmoja, neno moja," Mwalimu akasema.

"Nnajua nilichosema."

"Basi tukasikilize."

Kusikiliza ndiyo ilikuwa desturi ya kituo chetu. Chini, katika chumba cha mbele, tuliwaita watu wa mtaani, Waislamu wengi wao, ambao kitabu kile hawakijui, tukawapa kahawa na kashata. Msomaji anasoma mara mbili. Hatuwaambii jina la kitabu wala maana yake. Kisha mmoja baada ya mwingine anahadithia alichosikia kwa maneno yake mwenyewe. Wakihadithia kitu kilekile, aya imepita. Wakihadithia vitu mbalimbali, kosa ni letu. Hatukuwa na haki ya kumwambia mtu "hukuelewa".

Kikao cha Ruthu kilianza kwa vicheko. Fundi Haji, seremala wa milango aliyekuwa akija kwa ajili ya kashata bila kulificha, alisikiliza sura ya kwanza mpaka mwisho, akasema:

"Mwandishi huyu hana neno jengine?"

"Endelea kusikiliza, fundi."

"Nnasikiliza. Rudi, rudi, rudi. Kama mtu anafukuza kuku."

Mbele zaidi wanawake wa mji wanamwambia Naomi kwamba mjukuu aliyezaliwa atakuwa wa "kumrudishia roho". Mzizi ni uleule, na sisi tulikuwa tumeutii. Fundi Haji akaweka kikombe chini.

"Ala! Kwani bibi alikufa?"

Dokta mwenyewe akaandika kwamba hapo kanuni isamehewe. Tukaweka "atakuchangamsha uzeeni". Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anaisamehe kanuni, na alifanya hivyo kama anayelipia kioo alichovunja.

Kisha msomaji akarudia ile aya ya "aliyerudi", na zamu ya kuhadithia ikafika kwa Bi Ruzuna. Alikuwa mshonaji, mwanamke wa kama miaka thelathini. Wazee wake walikuwa watu wa Malindi, mtaa wa hapahapa mjini, waliokwenda Maskati na wakabaki huko. Yeye alizaliwa huko, akaja Unguja akiwa mtu mzima, mwishoni mwa miaka ya themanini, milango ilipofunguka kidogo na watu wakaanza kuja kuangalia nyumba zao. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha jikoni kwa bibi yake, isipokuwa maneno machache ambayo mjini yalikuwa yameshakufa.

Alihadithia vizuri, bila kuruka kitu. Alipofika mwisho akasema, "Wakafika. Na yule mkwe wakamwita aliyerudi." Kisha akaongeza: "Hili neno mlitoe."

Dokta akainua kalamu. "Kwa nini, dada? Kwa sababu hakuwahi kufika?"

"Hilo nimelisikia, mwanamke wa Moabu. Si kwamba sikuelewa. Nasema mlitoe." Alikuwa anazungumza kwa upole sana. "Mie niliposhuka bandarini, shangazi yangu kanikumbatia, kanambia, 'Umerudi, mwanangu.' Nyumba ile nilikuwa sijaiona hata kwa picha. Kila mtu umerudi, umerudi. Kisha nikauliza choo kiko wapi, wakacheka. Mgeni angeoneshwa choo. Mgeni angeambiwa jirani huyu ana maneno, ngazi hii imeoza, usiikanyage. Mgeni siku mbili, ya tatu ndiyo hupewa jembe. Mie sikupewa hata hizo mbili, kwani nimerudi! Na nilipokosea wakanambia, 'Basi rudi kwenu.'"

Hakuna aliyecheka. Fundi Haji alitazama kashata yake kama aliyeambiwa aihesabu.

"Sikurudi," Bi Ruzuna akasema. "Nilikuja. Mwandikieni na huyo kwamba kaja."

Dokta alimgeukia Mwalimu bila ushindi wowote usoni. Hata yeye aliona kwamba jambo hili limetoka nje ya mkoba wake. Lakini desturi ilikuwa desturi: msikilizaji amepinga, aya imesimama. Ikishasimama, inapelekwa kwa wasikilizaji wa mahali pengine, na wakiipinga nao, inabadilishwa. Tukapanga kwenda Paje, Dokta atakaporudi mwezi wa Desemba. Hiyo ingekuwa nafasi ya mwisho ya Mwalimu.

Katikati hapo nikafanya ninachojua kufanya, yaani kuuliza. Bi Ruzuna alikuwa amesema "wakamwita". Si kwamba Ruthu alijiita. Nikajiuliza: katika kitabu chote, neno hili linatoka mdomoni mwa nani? Mashine ililipata kila mahali lilipo, lakini haikujua nani anasema. Kwake maneno yote yalikuwa ya mtu mmoja. Nikatoa orodha kwenye ile printa iliyokuwa ikilia kama cherehani mbovu, nikachukua penseli za rangi, nikaanza. Mwandishi, bluu. Naomi, nyekundu. Msimamizi wa wavunaji, Boazi mwenye shamba, wanawake wa mji, kila mmoja rangi yake. Ruthu nikampa kijani.

Kijani kilikuwa kidogo mno. Mara moja analisema pamoja na Orpa, wote wakilia, kwamba watarudi na Naomi kwa watu wake. Mara moja analisema peke yake, akikataa: usinisihi nikuache nirudi. Tangu alipoingia mjini hakulitamka tena. Wengine ndio wanaolitamka juu yake: mwandishi, kisha yule msimamizi shambani, anayemjulisha kwa tajiri wake kuwa ni msichana wa Moabu aliyerudi na Naomi. Msichana wa Moabu, aliyerudi. Vyote viwili kwa pumzi moja.

Nikampelekea Mwalimu. Karatasi aliishika karibu na pua.

"Ile ya kilio hukuihesabu sawasawa," akasema. "Wakilia wote, nani asemaye?"

"Kwa hiyo imebaki moja tu. Ya kukataa."

"Usifurahi. Ya kilio nayo ni yake. Watu husema kweli wakilia."

"Na huongopa wakilia."

"Na huongopa," akakubali. Akaisogeza karatasi. "Bi Ruzuna yuko sawa, Zuwena. Na ndiyo maana siwezi kulitoa. Nikiandika 'aliyekuja', nimeficha kwamba Ruthu alinyimwa ugeni wake. Hakuna atakayejua kwamba mji ulimfanyia hivyo."

"Na akilisikia mtu kama Bi Ruzuna, likamuuma?"

"Litakuwa limemfikia. Mie sikulitia hapo."

Nilimwambia hiyo ni hoja nzuri kwa mtu ambaye haimuumi. Akasema ndiyo, ni kweli, na kwamba hana nyengine. Nimewahi kufanya kazi na watu wengi wenye majibu. Huyu alikuwa anajua jibu lake linaishia wapi.

Desemba tulikwenda Paje, Dokta, Mwalimu na mimi. Tulikaa ukumbini mwa nyumba ya Bi Mwanahamisi, aliyekuwa akilima mwani, pamoja na wenziwe waliotoka baharini maji yalipojaa, kanga zao bado zina chumvi. Mwani ulianikwa uani, na harufu yake ilikaa nasi kikaoni kama msikilizaji mwengine. Nilisoma mimi mara mbili. Mwalimu alikaa mikono magotini. Ilikuwa wiki yake ya mwisho kazini, na sisi wa ofisi tulijua, wale wanawake hawakujua.

Wakahadithia. Hakuna aliyekosea njia. Walipofika kwenye "aliyerudi", Dokta akauliza:

"Huyu mkwe amerudi wapi?"

"Kwa mkwewe," akasema Bi Mwanahamisi.

"Aliwahi kufika?"

"Hajafika! Si umesoma mwenyewe, mtu wa Moabu?"

"Basi amerudi vipi?"

"Kafuata njia ya mkwewe. Mkwe akirudi, naye karudi. Tena bila shaka yeye ndiye aliyebeba mizigo."

Wakacheka. Lakini mmoja aliyekaa karibu na mlango, mwembamba, aliyekuwa akichambua kamba za mwani muda wote, akasema, "Aka. Karudi yule mzee. Huyu kaletwa. Wanasema karudi ili wasimtayarishie pa kulala."

"Wewe nawe! Kwani uliolewa Paje ukalala nje?"

"Nliolewa kutoka Jambiani, nkaambiwa nshakuwa wa hapa. Mwaka wa ngapi huu? Nkigombana na mtu mie bado wa Jambiani."

Jambiani ni kijiji kinachofuata. Unaweza kwenda kwa miguu ukiwa unazungumza. Wakabishana kwa muda, wakapandishiana sauti, mmoja akamtaja mamamkwe wa mwenziwe, ikabidi Bi Mwanahamisi aagize maji ya kunywa ili wanyamaze. Dokta aliandika, akaacha kuandika.

"Hawakubaliani," akaniambia kwa sauti ya chini.

Nilitaka kujibu, Mwalimu akanitangulia. "Dokta, desturi haiulizi hilo. Wamesikia nini?"

Dokta alitazama alichoandika. Wote walikuwa wamesikia kitu kilekile: mwanamke mgeni, mahali asipopajua, ameitwa aliyerudi. Hawakugombania maneno. Waligombania mwanamke. Na hivyo ndivyo alivyofanya Bi Ruzuna Kajificheni. Naye hakuwa amekosa kuelewa.

Dokta akafunika kalamu. Nimesema alikuwa mtu mwema, niongeze kwamba alikuwa mkweli, vitu viwili visivyokuja pamoja kila mara. Alitaka tuweke maelezo chini ya ukurasa, kwamba maana yake ni alikuja. Kisha akasikia wale wanawake wameanza tena, akasema, "Hapana. Maelezo yatawanyamazisha." Akafungua mkoba, akatia saini pale pale, karatasi ikiwa imelazwa juu ya sinia lililogeuzwa. Mwalimu aliomba aoneshwe saini ilipo, akaipitishia kidole, akasema, "Haya." 

Desturi pia ilitaka aliyepinga aambiwe kilichoamuliwa. Nilikwenda mimi mwenyewe kwa Bi Ruzuna, maana niliona si haki kumpelekea mtu mwengine. Alikuwa anatia nakshi kwenye kola ya kanzu.

"Mmelitoa?"

"Tumeliacha, Bi Ruzuna."

Hakuinua kichwa. Nilimweleza penseli zangu, na kijani cha Ruthu kilivyokuwa kidogo. Nilieleza yote, kwa kirefu kuliko ilivyohitajika.

"Na yeye?" akauliza. "Walipomwambia karudi, kasemaje?"

"Hakusema kitu. Kinachofuata anaomba ruhusa kwa mkwewe aende kondeni, akaokote mabaki nyuma ya wavunaji."

"Kaenda kutafuta chakula."

"Ndiyo."

Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Basi mwambie mwalimu wenu, atakaposoma hapo pa 'aliyerudi', asipite mbio. Asome taratibu."

Nilimfikishia. Akaniomba nimfungie dirisha, nami nikadhani amelichukulia kama maneno ya mtu aliyeudhika.

Mwisho wa mwezi walimuaga Mwalimu katika ukumbi mdogo, na badala ya hotuba aliomba asome sura ya kwanza. Kusoma ni neno la heshima, alikuwa haoni tena herufi. Aliishika karatasi kwa adabu, akaisema sura yote kwa moyo. Bi Ruzuna alikuwa amekaa karibu na dirisha, amealikwa pamoja na wasikilizaji wengine. Mwalimu alifika mwisho, "Basi Naomi akarudi, na pamoja naye Ruthu, mwanamke wa Moabu, aliyerudi," na hapo akasimama. Akakaa kimya. Ukimya ukawa mrefu, watu wakaanza kutazamana, wakaona huruma, mzee amesahau. Mama mmoja wa safu ya mbele aliinuka akamletea glasi ya maji. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka ikaisha, akamrudishia glasi, ndipo akaendelea, taratibu, bila kukosa neno: "kutoka nchi ya Moabu."